Unataka kuuza miche ya maua Machakos? Jifunze kwanza kuukata usiku

Kama uko TikTok, lazima umeziona. Zile video za vivungulio vya Ulaya, maua yamepangwa safu kwa safu chini ya taa za zambarau, muziki wa pole unacheza, na mtu anakuambia hicho ndicho kilimo cha kisasa. Kisha unakumbuka kale kashamba ka nyumbani Kangundo, au ile nafasi iliyobaki nyuma ya ploti Syokimau, unaanza kupiga hesabu: taa kama hizo ni pesa ngapi?

Ngoja kidogo. Kabla hujatuma M-Pesa kwa muuzaji yeyote, elewa kwanza taa inafanya kazi gani kwenye kivungulio cha Machakos. Ukikosea hapo utachoma pesa mara mbili: kwa taa, na kwa miche isiyonunulika.

Uholanzi mwezi wa Desemba, mchana una saa 8 hivi na jua lenyewe ni hafifu. Mkulima wa huko anawasha taa kali ili mmea upate chakula. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua la Machakos linatosha na kubaki. Wakati mwingine hata unalikinga kwa neti. Shida yetu ni usiku.

Usiku mrefu, ua la haraka

Chukua krisanthemu, lile ua la petali nyingi linalojaza mashada ya harusi na ya mazishi. Huzalishwa kwa vipandikizi, yaani vipande vya ncha ya shina vinavyokatwa kutoka kwa mmea mama na kuchomekwa hadi viote mizizi.

Ua hili linahesabu urefu wa giza. Usiku ukizidi takriban saa 10, linaacha kuota majani na kuanza kufunga tumba. Sasa fikiria: Machakos, usiku unakaribia saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya Juni na Desemba ni dakika chache tu. Kwa krisanthemu, kila usiku wa hapa ni ishara ya kuchanua.

Kwa mtu anayeuza maua, hiyo ni habari njema. Kwako wewe unayetaka vipandikizi, ni hasara. Kipandikizi chenye tumba kinaota mizizi kwa shida, na kikishika, kinachanua kikiwa kifupi kama kidole. Mteja akipanda miche ya aina hiyo hakurudii tena, na atawaambia wenzake.

Siri hii si mpya. Mwaka 1920 watafiti wawili wa idara ya kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walieleza kwa nini tumbaku aina ya Maryland Mammoth ilikataa kuchanua wakati wa kiangazi: ilikuwa inasubiri siku zifupike. Baadaye ikagunduliwa kwamba kinachopimwa hasa ni giza lisilokatizwa. Ukiwasha taa katikati ya usiku, mmea unaona umelala mara mbili, usiku mfupi mfupi, na unaendelea kutoa majani.

Masongaleni, kabla hujazaliwa

Biashara hii ina mizizi hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Denmark iliyoitwa Dansk Chrysanthemum Kultur ilifika Kenya na kuanza kazi Masongaleni, karibu na Kibwezi. Wakati huo eneo hilo lilikuwa wilaya ya Machakos. Makueni ilijitenga mwaka 1992. Kampuni hiyo ilihamia pia Naivasha, na shamba lake la huko likaja kujulikana kama Sulmac.

Leo kampuni kama Florensis, iliyoko Naivasha, na Royal Van Zanten, iliyoko Uganda, zinakuza vipandikizi vya maua na kuvisafirisha kwa ndege hadi Ulaya. Wanakuja ikweta kwa sababu ya jua na joto la mwaka mzima. Usiku mrefu wanaumaliza kwa taa.

Balbu ya kawaida, saa 4

Huhitaji ile taa ya zambarau. Mwanga wa kukata usiku ni mdogo. Kiwango kinachotumika sana ni kama laksi 100 pale majani yalipo. Balbu za LED za wati 10 zenye mwanga wa manjano-manjano, zile za sebuleni, zinafaa kwa sababu zina mwanga mwekundu ambao mmea unausikia vizuri. Zitundike mita moja hadi moja unusu juu ya mimea mama, mianga yao ikutane pasibaki kona yenye giza. Mwite fundi wa stima anayejua kazi, maana kivunguliono kuna maji na unyevu kila siku.

Weka taima iwashe saa nne usiku na kuzima saa nane usiku. Basi.

Sasa bili. Balbu 20 za wati 10 ni wati 200. Zikiwaka saa 4 kila usiku, ni uniti 0.8, sawa na uniti 24 kwa mwezi. Hata ukihesabu Sh30 kwa uniti, ni Sh720. Wakulima wengine huwasha kwa dakika 10 katika kila nusu saa ndani ya zile saa 4, na matumizi yanashuka hadi theluthi moja. Ijaribu njia hiyo kwa mimea michache kwanza, kwani aina za maua hazifanani.

Mchana, kata ncha zenye urefu wa sentimita 5 hadi 7, zisizo na tumba. Zichovye kwenye unga wa kuotesha mizizi kutoka agroveti, uzichomeke kwenye mchanga safi au makapi ya nazi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaweka miche kwenye jua kali wakidhani inahitaji mwanga zaidi. Haina mizizi bado, itanyauka. Iwekee kivuli, inyunyizie maji mepesi kama ukungu mara kwa mara, na usiku iendelee kupata taa. Baada ya siku 10 hadi 14, mizizi iko.

Stima ikipotea je?

Usiku mmoja wa giza hauui biashara. Usiku kadhaa mfululizo, mmea unaanza kubadili nia, na utaligundua hilo wiki kadhaa baadaye tumba zikijitokeza. Kwa hivyo panga betri na sola ndogo mapema. Balbu za LED hazili moto mwingi.

Kuna na kinyume chake. Ukitaka kuchanuisha maua upande mmoja wa shamba na kuna mulika mwizi ya mtaa inayomulika usiku kucha, utangoja sana. Funika upande huo kwa karatasi nyeusi ya plastiki.

Jambo la mwisho ni sheria, na hili usilirukie. Aina nyingi za maua ya kibiashara zina mwenyewe. Chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, aliyesajili aina mpya ndiye anayeruhusu wengine kuizalisha kwa kuuza, na KEPHIS ndiyo inayosimamia. Kenya iko pia kwenye mkataba wa kimataifa wa UPOV tangu 1999. Kununua shada City Market, ukakata vipandikizi na kuviuza, kunaweza kukuletea kesi. Uliza KEPHIS kwanza ua lako liko upande gani.

Basi usianze na kivungulio. Anza na miche 20 ya krisanthemu na balbu moja. Kumi iweke chini ya taa hiyo kwa saa 4 katikati ya usiku, kumi iweke mahali penye giza kamili. Baada ya wiki 4, kagua ncha zake. Zilizokaa gizani zikifunga tumba na zile nyingine bado ziko majani matupu, utakuwa umeona kwa macho yako kile ambacho muuzaji wa taa hakukuambia. Hapo sasa ndipo uanze kuongea habari ya mtaji.