Damu Inapokauka Kiwandani

Ukiambiwa damu yako imepungua, bila shaka utafikiria malaria, minyoo au lishe duni. Jirani atakushauri ule managu na unywe maji ya bitiruti, na mara nyingi huwa hajakosea sana. Lakini kuna upungufu wa damu usiosikia mboga wala vidonge vya madini ya chuma.

Huitwa anemia ya aplastiki. Hapa kiwanda chenyewe cha damu, yaani uboho ulio ndani ya mifupa, huacha kazi. Daktari Mjerumani Paul Ehrlich aliueleza mwaka wa 1888, mgonjwa wake akiwa mama mjamzito wa miaka 21. Mara nyingi kinga ya mwili ndiyo huushambulia uboho. Benzini, homa ya ini na dawa kama kloramfenikoli pia zimewahi kulaumiwa.

Mgonjwa huchoka, huandamwa na homa, na fizi hutoka damu. Usidanganyike na weupe wa viganja. Ukali haupimwi hapo. Madaktari huhesabu neutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria. Zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, na chembe za kugandisha damu zikiwa chini ya 20,000 (kawaida huzidi 150,000), ugonjwa ni mkali. Neutrofili zikiwa chini ya 200, ni mkali kupindukia, na homa ndogo tu yaweza kuua.

Ugonjwa mkali usipotibiwa, wengi hufariki katika mwaka mmoja au miwili. Lakini kijana akipandikizwa uboho wa ndugu anayelingana naye, wanane au zaidi kati ya kumi huishi. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Asiyempata hupewa dawa za kutuliza kinga, na zaidi ya nusu hupata nafuu, ingawa huchukua miezi.

Sasa sikiliza, wewe mwenye mgonjwa pale Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Jamaa wakiombwa kutoa damu, ndugu huwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Watoe, lakini mwambie daktari mapema kwamba damu ya ndugu isiingizwe kwa mgonjwa huyo. Mwili wake ukishaizoea kama adui, waweza kuukataa uboho wa ndugu yuyo huyo baadaye. Damu yao imfae mgonjwa mwingine. Yeye apewe ya mtu wasiyehusiana.