Ubao wa Takwimu Uanzie Mizanini

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani usemi huo ulimhusu mwenye duka na nahodha wa jahazi. Leo unamhusu zaidi meneja wa kiwanda na mpangaji wa mipango ya taifa. Katika miaka ya karibuni limeingia maofisini neno jipya, dashibodi, yaani ubao wa takwimu unaoonekana kwenye kioo cha kompyuta au cha simu. Ubao huo huonyesha kwa rangi na mistari kiasi cha malighafi kilichoingia kiwandani, kiasi kilichosindikwa, saa ambazo mitambo ilisimama, na shehena iliyobaki ghalani. Chombo hicho ni chema. Hata hivyo, hapana budi tuulize tangu mwanzo: tarakimu zinazong'aa juu ya ubao huo zimetoka wapi, na zitamrudia nani?

Jibu tulitafute Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, katika milima ya Wamatengo iliyo juu ya Ziwa Nyasa. Mkulima wa wilaya hiyo, awe wa Matiri au wa kata nyingine, huishi kwa mahindi, maharage na kahawa. Ni watu wenye kipimo machoni mwao. Mashimo yao ya ngolo, yanayozuia maji na udongo kuteremka mlimani, ni kazi isiyofanyika kwa kubahatisha. Katika mji wa Mbinga kipo kiwanda cha kukoboa kahawa, na kahawa ya Ruvuma imekuwa na sifa katika masoko ya dunia kwa miaka mingi.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba habari hii ni ya bara peke yake. Anayejua safari ya karafuu, kutoka mkekani hadi kwenye mizani ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ameshaielewa nusu ya habari ya kahawa. Kiwanda cha mafuta ya makonyo cha Wawi, Pemba, nacho hutegemea malighafi inayoletwa na mikono mingi, kidogo kidogo, kwa majira. Panapokuwa na mikono mingi na majira mafupi, mizani ndiyo mlango wa haki.

Tutazame jinsi kazi inavyokwenda. Kahawa mbivu ikishachumwa yafaa imenywe siku ile ile, kwani ikilala na joto huanza kuchacha na kupoteza ubora. Baada ya kumenywa huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja mpaka unyevu ushuke hadi karibu asilimia 11 au 12. Hapo ndipo hupelekwa kiwandani ikiwa bado na ngozi yake ya ndani. Kwa kawaida kilo 100 za kahawa ya namna hiyo hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi, ambayo huchambuliwa kwa madaraja.

Ubao wa takwimu ulio makini huifuata safari hiyo hatua kwa hatua. Iwapo mzigo wa chama kimoja umetoa kilo 74 badala ya 80, ubao hautasema nani mwenye kosa, lakini utawalazimisha wahusika waulizane. Je, kahawa ilifika na unyevu? Ilichanganywa na mawe? Mizani imepotoka? Au kuna mkono uliochota njiani? Swali hilo likiulizwa siku ya pili, ushahidi ungalipo. Likiulizwa baada ya msimu, ushahidi umekwisha kuuzwa, na mkulima amekwisha kukatwa fedha yake.

Tuchukue na mfano mwingine, wa hesabu nyepesi. Kiwanda fulani kina uwezo wa kukoboa tani 40 kwa siku. Kwa wiki tatu kinapokea tani 15 kila siku. Wiki ya nne zinafika tani 90 kila siku. Taarifa ya mwezi itasema kwamba kiwanda kilipokea wastani wa tani 34 kwa siku, chini kidogo ya uwezo wake, na wakubwa wataridhika. Kumbe kwa wiki tatu zaidi ya nusu ya nguvu za mitambo ilikuwa bure, na katika wiki ya nne tani 50 zilirundikana mlangoni kila siku. Wastani umeficha maradhi. Ubao wa kila siku ungeyafichua mapema, na magari yangepangiwa zamu kabla ya magunia kurundikana.

Kadhalika mtambo unaposimama, haitoshi kuandika kwamba umesimama. Umesimama kwa sababu ya umeme, au kwa kipuri, au kwa kukosa kahawa? Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Kabla ya hapo mkoa ulitegemea zaidi majenereta ya mafuta. Kila sababu ina dawa yake na ofisi yake. Asiyezitenganisha sababu hununua jenereta pale palipohitajika barabara.

Taifa letu halikuanza jana kutafuta mpango. Mwezi wa Mei 1969 Mwalimu Nyerere aliuwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano kwa hotuba iliyoitwa "Kupanga ni Kuchagua". Tulijenga viwanda kwa juhudi kubwa. Lakini katikati ya miaka ya 1980 viwanda vyetu vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Uhaba wa fedha za kigeni, vipuri na malighafi ulikuwa sababu kubwa, na hakuna ubao ambao ungeuondoa. Hata hivyo, anayechagua gizani hachagui, anapapasa. Na kidogo kilichopo huhitaji hesabu kali kuliko kingi.

Wengine walijaribu mapema. Nchini Chile, mwaka 1971, serikali ya Rais Salvador Allende ilimwita Mwingereza Stafford Beer kusaidia kuongoza viwanda vya umma. Viwanda viliunganishwa na mji mkuu Santiago kwa mashine za teleksi, na chumba kikajengwa chenye viti 7 na picha za takwimu ukutani. Wenye magari ya mizigo walipogoma Oktoba 1972, zilikuwa teleksi hizo, zaidi ya chumba chenye viti, zilizoisaidia serikali kujua wapi kuna mzigo na wapi kuna gari. Kazi hiyo ilikatizwa na mapinduzi ya Septemba 1973. Funzo lake ni kwamba habari fupi inayofika kwa wakati ina faida kuliko picha nzuri inayochelewa.

Turudi Mbinga, ambako kuna na makaa ya mawe ya Ngaka. Mwaka 2016 serikali ilizuia uagizaji wa makaa kutoka nje ili viwanda, hasa vya saruji, vitumie ya nyumbani. Nia ilikuwa njema. Lakini amri hutolewa kwa siku moja. Machimbo, mizani na barabara haviongezeki kwa siku moja. Saruji ya Mtwara au ya Tanga hutegemea lori lililopakia Ruvuma. Katika jambo kama hilo mchimbaji, msafirishaji na mwenye tanuri wapaswa kutazama ubao mmoja, vinginevyo kila mmoja atamlaumu mwenzake kwa tarakimu zake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye kiini. Ubao hauna macho. Huamini kila unachoambiwa. Karani wa mizani akiandika kilo 47 mahali pa 50, kompyuta itaujumlisha uongo huo kwa uaminifu mkubwa na kuupaka rangi ya kijani. Mtendaji anayeogopa kukaripiwa naye atatia chumvi, na kadiri ubao unavyotazamwa na wakubwa zaidi, ndivyo kishawishi cha kuupamba kinavyozidi. Kiongozi anayepokea habari mbaya kwa ukali hujifunza kuishi na habari za uongo.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, fedha za kompyuta zitanguliwe na fedha za mizani: kila kituo cha kupokelea mazao kiwe na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kipima unyevu, na karani aliyefundishwa. Pili, takwimu zirudi kijijini. Vyama vya ushirika vimewekewa mfumo wa kielektroniki wa usimamizi, uitwao MUVU, na tangu msimu wa 2022/23 wakulima husajiliwa kwa kompyuta ili wapate mbolea ya ruzuku. Basi mwanachama naye ajue kilo zake, daraja lake, makato yake na siku ya malipo yake, kwa ujumbe wa simu na kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni pa chama, kwani si kila mzee ana simu. Tatu, kila tarakimu nyekundu iwe na jina la ofisi inayopaswa kujibu na siku ya kujibu. Ubao usio na mwajibikaji ni pambo la ukuta.

Mkulima aliyebeba gunia mgongoni ni mpangaji wa mipango kama alivyo mchumi wa wizara. Yeye ndiye anayeamua kama mwakani atapalilia mibuni au ataing'oa apande mahindi, na huamua kwa takwimu moja tu: alichopimiwa, akilinganisha na alicholipwa. Takwimu hiyo ikiwa ya kweli, ubao wa kiwanda utakuwa wa kweli na mpango wa taifa utakuwa na mguu wa kusimamia. Ikiwa ya uongo, mibuni itang'olewa kimya kimya, na ubao utatuarifu baada ya miaka kadhaa kwamba kiwanda hakina kahawa.