Je, Wajua? Barua Pepe Isiyo na Jina Ina Daftari Lake

Mwaka 1993, Johan Helsingius wa Helsinki, Ufini, alianzisha anon.penet.fi, huduma ya bure ya kuficha jina la mtuma barua pepe. Ulipotuma ujumbe, kompyuta yake iliondoa anwani yako na kubandika nyingine: herufi "an" na tarakimu kadhaa, basi. Aliyeupokea aliweza kukujibu bila kukujua.

Lakini jibu lingekufikiaje? Kompyuta ile ilitunza orodha ya kila namba na mwenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu. Mwaka 1995, baada ya malalamiko ya Kanisa la Scientology kuhusu nyaraka zake zilizovuja, polisi wa Ufini walimwendea Helsingius, naye akalazimika kutoa anwani ya mtumiaji mmoja. Mwaka uliofuata aliifunga huduma. Namheshimu kwa hilo: alipoona hawezi tena kuwalinda watu, hakuwadanganya.

Siku hizi Proton, huduma ya barua pepe ya Uswisi, hufunga barua kwa fumbo ambalo hata yenyewe haiwezi kulifungua. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, mwaka 2021 amri ya serikali ya Uswisi, iliyotokana na ombi la Ufaransa, iliilazimu kurekodi anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wa intaneti, ya mwanaharakati wa mazingira. Barua zenyewe hazikusomeka.

Kabla ya kujisajili kwenye huduma kama hizi, soma wenye huduma wanahifadhi nini na chini ya sheria ya nchi gani. Wakikuomba namba ya simu, kumbuka kwamba laini za Tanzania na Kenya husajiliwa kwa kitambulisho.