Gobele za feti: namna gani zirudi kama vidanje za bia

Siku ya posho usiku, feti ikiisha, angalia chini ya meza za sale ya Bukavu ao ya Uvira. Chupa za bia hazipo. Zimesharudi ndani ya kasiye, zimehesabiwa, na aliyepoteza vidanje moja atailipa. Sahani hazipo pia: ziko nyuma ya jiko zinaoshwa, ju ni za kukodi. Kinachobakia chini ni gobele za plastiki, zimekanyagwa, na hakuna mtu anayezihesabu. Wanazifagia, wanazitia ndani ya mfuko, na mara nyingi mfuko ule unaishia pembeni ya mfereji.

Mvua ikinyesha, safari inaanza. Bukavu ni mji wa milima, maji yanashuka ziwani, na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Kilometa chache chini ya mlango huo kuna baraji ya Ruzizi 1, ambayo inapatia Bukavu umeme. Mwaka 2022 takataka za plastiki ziliharibu mashine moja pale, na umeme ukapunguka mjini. Kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kutosha plastiki mbele ya baraji, na wengine wanazamia chini ya maji. Si gobele peke yake: chupa za maji na za juisi ndizo zinaonekana zaidi, tena zinatoka pande zote za ziwa. Lakini gobele ni uchafu ambao mwenye sale anaweza kuukomesha mwenyewe, bila kungojea serkali.

Namna yake tunaijua tayari. Ni ile ya vidanje. Gobele inakuwa ngumu, ya plastiki nzito ao ya chuma kisichoshika kutu. Mtu anaipokea kwa garanti, anakunywa, anaijaza tena anavyotaka, na akiirudisha anapewa garanti yake. Kwa Waujerumani mambo haya ni ya zamani kwenye viwanja vya mpira na masoko ya Noeli. Mji wa Freiburg ulianza mwaka 2016 kutumia kikombe kimoja kwa mikahawa mingi: ulikuwa unalipa garanti ya euro 1 hapa, unakirudisha kule. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, garanti ilikuwa euro 2.

Kwetu garanti iwe noti moja, 500 ao 1000 franka, ili foleni isikwame ju ya kutafuta chenji. Na noti iliyopasuka isipokelewe, maana wakati wa kuirudisha ndipo kelele zitaanza. Garanti ikiwa ndogo sana, watu wataacha gobele chini. Ikiwa kubwa sana, hawatanunua kinywaji. Kwenye konseri ao mechi, hata ile inayoachwa chini haipotei: watoto wataiokota na kwenda kuchukua garanti. Ndiyo maana gobele inapaswa kuwa na alama ya sale, la sivyo wengine wataleta za sokoni kutafuta franka.

Ugumu uko kwenye ndoa. Hapo mgeni amealikwa, pengine ameleta zawadi, na huwezi kumuomba garanti mlangoni. Itakuwa haya kwa familia. Basi garanti isilipwe na mgeni, ilipwe na komite ya ndoa, moja kwa gobele zote, siku ile ile wanapolipa sale. Gobele zinahesabiwa zikitoka na zikirudi, mbele ya mtu wa komite na mtu wa sale, sawa vile wanavyohesabu sahani na viti. Zilizokosekana zinakatwa kwenye garanti. Kazi ya kukusanya ni ya protokole: anayepita na kasiye ya vidanje apite pia na beseni la gobele. Kitu kingine: msihesabu saa nane ya usiku wakati kila mtu amechoka na sono bado inapiga. Afazali mlango mmoja tu wa kutokea, na beseni pale mlangoni.

Je, mwenye sale anapata faida? Tuchukue mfano, bei si za soko. Gobele ya kutupa ni franka 100, ile ngumu ni 2000. Ile ngumu itajilipa nyuma ya feti 20, yaani miezi mitano kama kuna feti kila posho. Mara nyingi ni mbele ya hapo, ju mgeni mmoja anatumia gobele mbili ao tatu za kutupa kwa usiku mmoja. Pande ingine, ongeza sabuni, maji na malipo ya wamama wa kuosha. Lakini kama kila feti inapoteza gobele moja kwa kila kumi, basi kwa wastani gobele inaishi feti kumi tu. Hapo sale inaweza kula hasara, na plastiki iliyotupwa inaweza kuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Kila kitu kinategemea kurudi.

Kwa hiyo msiandike majina ya maarusi na tarehe juu ya gobele. Ni kizuri, lakini kila mgeni ataenda nayo kwake iwe ukumbusho. Kwenye feti nyingi za Ulaya mambo ni hayo hayo: gobele yenye picha nzuri hairudi. Jina la sale linatosha.

Kinachoogopesha watu zaidi ni usafi, na wana haki. Pembeni ya ziwa letu kolera haijaisha, na wengi walianza kupenda gobele ya kutupa kwa kuwa hakuna mdomo mwingine uliigusa. Gobele iliyochovywa ndani ya ndoo moja ya maji machafu ni hatari kuliko ile ya kutupa. Zinahitajika beseni tatu: ya sabuni, ya kusuuza, na ya maji yenye klorini, kwa kipimo kinachotolewa na watu wa zoni ya afya. Maji yabadilishwe kabla hayajawa meusi. Maji ya ziwa bila kutiwa dawa, hapana. Nyuma yake gobele zigeuzwe chini juu ya ubao wenye matundu zikauke zenyewe. Kitambaa kimoja kinachopangusa gobele mia kinarudisha uchafu wote.

Mbele ya kununua, mwenye sale ahesabu bidoni zake. Siku ambayo robine haitoki na maji hayatoshi, ni vizuri kuosha gobele chache vizuri kuliko kuosha zote vibaya, na wageni wengine wanywee kwenye glasi za kukodi ao kwenye chupa. Na gobele yenye ufa itoke kwenye hesabu: ndani ya ufa sabuni haifiki. Mwenye shamba la miche ataipokea, akiitoboa tundu chini.