Sindano ya Kupunguza Uzito: Maswali Ambayo Mwanamke Haulizwi

Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa husifiwa kwamba amenawiri na ndoa imemkubali. Akikonda, huulizwa anaumwa nini, na kwa waliokuwa watu wazima miaka ya tisini swali hilo lina hofu ya ukimwi ndani yake mpaka leo. Akifungua simu, huyohuyo anakutana na viuno vyembamba na matangazo ya chai ya kukata tumbo. Huku anauziwa vidonge vya kuongeza makalio, kule vya kupunguza kitambi. Kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam wapo wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe, dawa ambayo ikitumiwa kiholela hupandisha sukari na shinikizo la damu. Katika hali hiyo ndipo inapoingia sindano ya kupunguza uzito, ambayo, tofauti na chai na vidonge vya kukata tumbo, inafanya kazi kweli.

Dawa yenyewe inaitwa semaglutaidi. Marekani iliiruhusu mwaka 2017 kutibu kisukari kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 kutibu unene kwa jina la Wegovy. Ndugu yake, tirzepataidi, huuzwa kwa jina la Mounjaro. Zote huchomwa mara moja kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo au paja. Huiga homoni ya GLP-1, ambayo utumbo huitoa tukishakula: tumbo huchelewa kumwaga chakula, kongosho hutoa insulini sukari inapopanda, na ubongo hupokea taarifa kwamba tumeshiba. Wagonjwa wengi husema kwamba kile kilichowashangaza ni utulivu, kukaa saa nzima bila kuwaza chakula.

Utulivu huo unatufundisha jambo ambalo wanawake wanene wamenyimwa kwa muda mrefu. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliowekwa kwenye mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado zinadai chakula, na njaa yao ilikuwa kubwa kuliko kabla ya kuanza mlo. Mwili uliopungua hujitahidi kurudi ulikotoka. Kwa hiyo mama aliyejinyima wali miezi mitatu, akapungua kilo nane, kisha zikarudi zote, hakuwa mlafi wala mvivu. Nawaomba wenzangu wa afya waache kumwambia mgonjwa wa namna hii "punguza kula tu, mama", kana kwamba hajajaribu.

Katika jaribio kubwa la semaglutaidi lililochapishwa mwaka 2021, lenye washiriki 1,961, waliochomwa dawa walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Waliopewa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4. Kwa mwanamke wa kilo 90 hizo ni kama kilo 13. Washiriki waliofuatiliwa baada ya kuacha sindano walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Anayeanza leo ili gauni la harusi limkae vizuri mwezi wa nane aambiwe hilo kabla hajatoa hela yake. Aambiwe pia kwamba dawa ililengwa kwa mwenye uwiano wa uzito na urefu wa 30 au zaidi, au 27 akiwa na tatizo kama kisukari au presha. Kwa mwanamke wa sentimita 160, thelathini ni kama kilo 77. Mwenye kilo 62 hahitaji sindano hii, hata kama wifi zake wamemwita bonge.

Ninalolisisitiza zaidi ni uzazi, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Wanawake wengi wenye unene na homoni zilizovurugika hukaa miezi bila kuona hedhi, wakaamini hawawezi kushika mimba. Uzito ukipungua, mayai huanza kupevuka tena, mara nyingine kabla hawajaona siku zao. Anayetumia tirzepataidi na vidonge vya majira ana hatari ya ziada: tumbo likichelewa kumwaga, kidonge hakifyonzwi inavyotakiwa. Ushauri uliopo ni kuongeza kondomu kwa wiki 4 baada ya kuanza dawa, na wiki 4 kila dozi inapopandishwa, au kuhamia kwenye kijiti, kitanzi au sindano ya uzazi wa mpango. Na anayetaka mtoto aache semaglutaidi angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, kwani hukaa mwilini muda mrefu na usalama wake kwa mtoto aliye tumboni haujathibitishwa.

Kichefuchefu, kutapika na kufunga choo ni vya kawaida, hasa dozi inapopanda. Ndiyo maana semaglutaidi huanzwa na miligramu 0.25 na kuongezwa polepole. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha ni ya kukimbizwa hospitali, kwa sababu kongosho linaweza kuvimba. Mafuta hayaondoki peke yake, misuli nayo hupungua. Hivyo dagaa, maharage na mayai visikosekane hata kama hamu ya kula imekufa, na mwili upewe kazi nzito kidogo.

Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutaidi bandia iliyokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Nazo chai na vidonge "vya asili" vya kupunguza tumbo vimeshakutwa mara nyingi na sibutramini iliyofichwa ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na mishipa. Usichome kitu ulichouziwa kwenye kikundi cha simu. Kwa sasa sindano halisi ni ghali, wengi hawaimudu. Lakini hataza ya semaglutaidi nchini India ilipangwa kuisha mwaka 2026, na dawa nyingi tunazotumia Afrika Mashariki hutoka huko. Bei ikishuka, wanawake watakuja kliniki kuiomba, na muuguzi wa zamu atatakiwa awaulize, kabla ya kuwapandisha kwenye mzani, wanatumia njia gani ya uzazi wa mpango na lini walipata hedhi ya mwisho.