Tulipovaa Miwani ya Uhalisia Pepe

Je, umewahi kusimama katikati ya sebule unayoifahamu vizuri, yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kudarizi na kalenda ya kanisa ukutani, halafu ukaogopa kupiga hata hatua moja kwa sababu unaona mbele yako shimo refu la kutisha? Sisi akina mama watatu yalitupata hayo Jumamosi moja alasiri, nyumbani kwa mwenzetu hapa Morogoro, na tumeona si vizuri kukaa nayo peke yetu.

Sisi ni wa kikundi cha kutembelea wagonjwa. Kila Jumamosi asubuhi tunakwenda wodini na chupa za uji, sabuni na maneno ya kutia moyo. Siku hiyo tulipotoka hospitali tulipita kwa mwenzetu kunywa chai, tukamkuta mwanawe amerudi likizo kutoka chuoni anakosomea mambo ya kompyuta. Baada ya kutuamkia, "Shikamooni mama zangu," alitoa katika mkoba wake kitu cheupe, kinene, kinachofanana na miwani ya mchomelea vyuma, ila hakina pa kuonea nje.

"Leo nitawapeleka baharini bila nauli," akasema. Sote tukacheka.

Tulimwuliza kitu hicho kinaitwaje, naye akatuambia kwamba kwa Kiswahili wataalamu wanakiita kifaa cha uhalisia pepe. Neno "pepe" tulilifahamu kutokana na barua pepe. Lakini mama mwenye nyumba, ambaye amelima mpunga Kilombero tangu utoto wake, alizidi kucheka. Kwake yeye pepe ni punje tupu, ile inayopeperuka unapopeta kwenye ungo.

"Basi mwanangu, umekuja kutulisha makapi!" akasema.

Kukivaa ni kazi

Tusiwafiche, mwanzo haukuwa mzuri. Kifaa kile kina uzito wa kama nusu kilo, na chote hulalia usoni. Mikanda yake inapita juu ya kichwa na kuzunguka kisogoni, na ni wazi kwamba aliyeibuni hakuwafikiria akina mama wenye nywele za kusuka, wala wenye vilemba. Ilibidi kilemba kivuliwe na nywele zifungwe chini shingoni. Mwenye miwani ya kusomea naye aliambiwa aiweke kando, kwa maana nafasi ilikuwa ndogo na vioo vingeweza kukwaruzana.

Tulikubaliana aliye muuguzi kati yetu aanze, kwa kuwa tulidhani amezoea mambo ya kutisha. Kwanza alisema anaona giza. Mara akanyamaza. Kisha tukamwona anainua uso polepole kama mtu anayetazama dari la kanisa kubwa. Alikuwa chini ya bahari. Samaki wadogo walimpita puani, na alipogeuka nyuma aliwaona wengine, kwa maana picha ile haina mwisho kama ya televisheni: kila unakogeukia ipo. Akatokea nyangumi mkubwa kuliko basi, akaja taratibu hadi jicho lake likawa karibu kabisa. Muuguzi wetu alirudi nyuma kwa woga, akagonga stuli, na kikombe cha chai kikaenda chini.

Akafuata mama mwenye nyumba. Yeye alipandishwa juu ya jengo refu, mbele yake ukiwapo ubao mwembamba uliotokeza hewani. Miguu ilianza kumtetemeka. Akapiga magoti juu ya zulia lake mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili, huku akimwita mwanawe kwa sauti.

"Mama, upo sebuleni!" kijana akamwambia.

"Najua nipo sebuleni," akajibu, "lakini miguu haijui!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Hata hivyo, baadaye tulipotafakari tuliona kwamba jibu lake lilieleza jambo lote.

Macho hudanganywaje?

Mungu ametupa macho mawili, na kila moja huona kitu kutoka upande wake. Fumba jicho moja, kisha jingine, utaona kidole chako kinahama kidogo. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili na kutambua kipi kipo karibu na kipi kipo mbali. Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza, Charles Wheatstone, alionyesha kwamba ukimpa mtu michoro miwili inayotofautiana kidogo, kila jicho mchoro wake, ataona umbo lenye kina ingawa mbele yake ipo karatasi tupu.

Kifaa tulichovaa kinafanya kazi hiyo hiyo kwa kutumia kompyuta. Ndani yake kila jicho lina kioo chake cha kukuza na picha yake. Vipo pia vipima mwendo vinavyofuatilia kichwa kinavyogeuka, na picha huchorwa upya mara nyingi mno, kwa mfano mara 72 au 90 kwa sekunde moja, ili ulimwengu ule ugeuke pamoja nawe. Si jambo la jana. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland na wanafunzi wake walikwisha kutengeneza kifaa cha namna hii, lakini kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Leo kinaingia katika mkoba wa mwanafunzi.

Tatizo ni kwamba macho si shahidi pekee. Ndani ya sikio tunayo majimaji yanayoujulisha mwili kama unakwenda au umetulia. Macho yakisema "tunakwenda" na sikio likisema "tumesimama", ubongo huchanganyikiwa, na mtu hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kama msafiri wa meli. Muuguzi wetu yalimpata hayo. Alikaa kitako karibu nusu saa, na chai ya tangawizi ikamfaa.

Machozi chini ya miwani

Wa tatu wetu hakutaka kuvaa. Jina lake tunalihifadhi, ila yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuandika. Miaka miwili iliyopita mtoto wake wa kiume, akiwa na miaka minne, alivuta sufuria ya uji iliyokuwa jikoni, ukammwagikia kifuani na mkononi. Alilazwa kwa wiki kadhaa. Kila siku ya kusafisha kidonda mama huyu alishindwa kuingia katika chumba kile. Alimkabidhi mtoto kwa wauguzi, akakimbilia nje hadi kwenye uzio, akaziba masikio. Mtoto amepona, anasoma, anacheza mpira. Mama ndiye ambaye hakupona.

Tulimbembeleza, na kijana akamchagulia mahali tulivu: ufuko wa bahari wakati wa jua kuchwa, hakuna mtu, mawimbi tu. Alikaa kwenye kochi bila kusema neno. Baada ya muda tuliona machozi yanachuruzika kutoka chini ya kifaa. Tulipomvua alitutazama kana kwamba ametoka safari ya mbali.

"Nilisahau kama mpo," alisema. "Nilisahau hata kile chumba. Ni mara ya kwanza tangu siku ile." Kisha akauliza swali lililotunyamazisha: "Mwanangu angekuwa na kitu hiki siku zile, je, asingelia vile?"

Theluji ya Seattle

Jibu lipo, na linatoka Marekani. Katika miaka ya 1990 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson, walianza kuwavalisha kifaa hiki wagonjwa walioungua wakati wa kusafishwa vidonda. Waliwatengenezea ulimwengu wa baridi uitwao SnowWorld, yaani dunia ya theluji. Wakati muuguzi anaondoa bandeji, mgonjwa anapita katika bonde jeupe akiwarushia mipira ya theluji sanamu za theluji na ndege waitwao pengwini. Wagonjwa walisema maumivu yamepungua, na muda walioutumia kuyawaza maumivu hayo ukapungua pia. Mwaka 2004 Hoffman na wenzake walichapisha vipimo vya ubongo vya watu waliojitolea kutiwa joto la kuumiza kidogo, vikionyesha kwamba walipokuwa ndani ya theluji ile, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu zilipunguza kazi.

Sababu yake si uchawi. Maumivu yanahitaji usikivu wetu ili yatutese. Mtoto anayeitazama pinseti ya muuguzi huumia kabla haijamgusa. Usikivu ukichukuliwa na jambo jingine lenye nguvu, kinachobaki kwa ajili ya maumivu ni kidogo. Wagonjwa wale waliendelea kupewa dawa zao, na theluji ilikuwa nyongeza tu.

Mwenzetu alisikiliza yote hayo, kisha akasema, "Watoto wetu hawaijui theluji. Wangewekewa mto, na kokoto za kurusha majini."

Kabla hujamvalisha mtoto wako

Vifaa hivi vimeshuka bei. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilitoa aina iliyoanzia dola 299 za Marekani. Fedha hizo bado ni nyingi kwa familia nyingi, lakini vijana wetu watavileta nyumbani, kama alivyofanya huyu. Kwa hiyo akina mama tuyajue haya:

Usimvalishe mtoto mdogo. Kampuni hiyo hiyo kwa miaka mingi iliweka umri wa miaka 13, na mwaka 2023 ikaruhusu watoto wa miaka 10 kwa masharti ya kusimamiwa na mzazi. Mtoto wa miaka mitano hayumo.

Mwenye historia ya kifafa au ya kuzimia asivae bila kumwona daktari, kwa kuwa mwanga unaomweka ndani yake unaweza kumletea degedege. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo nao waulize kwanza.

Avaaye akae kitini, au asimame mahali palipoondolewa stuli, meza na jiko. Kipindi cha kwanza kiwe kifupi, dakika chache tu, na kichefuchefu kikianza avue mara moja, asijikaze.

Kifaa kinachopita usoni kwa watu wengi kifutwe kila mara. Mwenye macho mekundu yanayotoa tongo asikiguse.

Na zaidi ya yote, asivae mtu peke yake. Mwenzetu alisahau kama tupo. Kwa mgonjwa anayesafishwa kidonda huko kusahau ni nafuu kubwa. Lakini kwa kijana anayejifungia chumbani kila jioni ili asiwaone wazazi wake, ni jambo la kuangaliwa mapema, kabla halijawa tabia.

Jumamosi iliyofuata

Kijana alirudi chuoni na kifaa chake, na wodi yetu haina cha namna hiyo. Hata hivyo, swali la mwenzetu halikutuacha. Jumamosi iliyofuata tulimkuta wodini binti wa kama miaka mitano aliyeungua mkono kwa chai ya moto. Tulimwomba muuguzi wa zamu ruhusa ya kukaa naye wakati wa kusafishwa. Dawa ya maumivu alikuwa amepewa mapema, ikapata muda wa kufanya kazi, na bandeji ikaloweshwa vizuri kwa maji ya chumvi ya hospitali ili isivutwe ikiwa imegandamana. Hayo mzazi yeyote anaweza kuyaulizia kwa heshima: "Dada, mtoto amekwisha kupata dawa? Bandeji italoweshwa kwanza?"

Sisi tulikaa upande wa kichwani, uso wa mtoto ukitugeukia sisi na kuupa mkono ule kisogo. Mama mwenye nyumba akaanza, "Paukwa!" Mtoto alikuwa analia, hakujibu. Kutoka kitanda cha pili mvulana mwenye mguu wa plasta akaitika kwa sauti, "Pakawa!" Ikaanza hadithi ya sungura na fisi waliokwenda kuvua samaki. Fisi aliongea kwa sauti nzito ya puani. Katikati ya kilio binti akaanza kumtazama fisi.

Hatutawadanganya kwamba hakuumia. Tabaka la mwisho lilipotolewa alilia sana, na hadithi ikakatika. Wala hatusemi hadithi inafanana na theluji ya Seattle. Kifaa kile kikipatikana siku moja katika wodi zetu, tutakipokea kwa mikono miwili. Lakini bandeji mpya ilipokwisha kufungwa, binti yule alijifuta kamasi kwa mkono mzima akauliza, "Na fisi je?"

Aliyekuwa amemshika mkono huo muda wote, bila kutoka nje, ni mwenzetu yule wa uzioni. Tulipokuwa njiani kurudi, mama mwenye nyumba alimwambia, "Dada, nilisema mwanangu ametulisha makapi. Kumbe mlikuwa na punje humo."

Wapenzi wasomaji, wodi iliyo karibu nawe ina siku zake za kusafisha vidonda. Ulizia ni siku gani, omba ruhusa, na uende na hadithi moja unayoijua mpaka mwisho. Sisi Jumamosi ijayo tunarudi, kwa sababu fisi bado yupo mtoni.