Fonti Haijaishi Maisha Yako

Wiki haipiti bila mtu kuingia kwenye karakana yetu hapa Vulamba, Butembo, kuninyooshea simu yake na kuuliza swali lile lile: "Yaya, fonti gani inafaa?" Anataka kuandika jambo alilojifunza maishani. Mmoja amemaliza kulipa deni lililomnyima usingizi miaka mitatu, anataka neno juu ya mlango wa duka. Mwingine amemzika mama yake na familia inataka fulana za matanga. Motari naye anataka sentensi moja kwenye ule mpira unaozuia matope nyuma ya pikipiki. Nikiwauliza sentensi yenyewe ni ipi, wengi hawana bado. Fonti ndiyo wanayo, wameipakua jana usiku.

Nimelijibu swali hilo kwa upole kwa miaka mingi. Leo nalijibu kwa maandishi: hakuna fonti inayofaa kwa sentensi ambayo haijaandikwa.

Swali limezaliwa na imani moja iliyoota mizizi Butembo na Beni, kwamba fonti ya mwandiko wa mkono, iliyopindapinda, yenye mikia na kivuli cha dhahabu, ndiyo inayoonyesha kuwa maneno yametoka moyoni. Watu wanaitumia kama dawa. Biashara ikilala, bango linaandikwa upya kwa mikia mirefu zaidi. Ujumbe usiposomeka, unaongezewa kivuli. Nataka kuivunja imani hii kipande kwa kipande, kwa sababu inaharibu maneno ya watu wazima walioyapata kwa gharama kubwa.

Tuanze na huo mwandiko. Ni wa nani? Brush Script ilichorwa na Robert E. Smith kwa ajili ya kampuni ya American Type Founders, Marekani, mwaka 1942. Mistral ni ya Mfaransa Roger Excoffon. Aliitengeneza kutokana na mwandiko wake mwenyewe, na kiwanda cha Fonderie Olive cha Marseille kikaitoa mwaka 1953. Lobster, ile nene ambayo vijana wananiletea kila siku kwenye simu, ni ya Pablo Impallari wa Argentina, mwaka 2010. Wote ni mafundi hodari na sina ugomvi nao. Lakini mama aliyeuza maharage sokoni miaka ishirini, akasomesha watoto kwa maharage hayo, anapochagua mwandiko wa Mfaransa wa Marseille na kuniambia, "Hapo sasa ni mimi ninayesema," siwezi kunyamaza. Hapo hasemi yeye.

Halafu uangalie kazi yenyewe. Chukua sentensi fupi: Pesa ya mkopo si faida. Ina herufi "a" nne. Iandike kwa mkono wako kwenye karatasi, utaona "a" nne tofauti. Moja imebanwa, nyingine imefunguka, ya mwisho imenyooka kwa sababu mkono ulikuwa unamaliza safari. Kwenye fonti ya kawaida ya mwandiko, hizo nne zinafanana kama matofali ya kalibu moja. Kiswahili kina "a" kila mahali, kwa hiyo uongo huo unajitokeza kwetu haraka kuliko kwa Wafaransa. Jicho la msomaji huenda lisijue kueleza, ila linajua kwamba hakuna mkono wa mtu uliopita hapo.

Kisha wanaandika yote kwa herufi kubwa. Herufi kubwa ya fonti ya mwandiko ilichorwa ianze neno, ifuatwe na ndogo. Ukizipanga nne mfululizo, mikia inagongana na "PESA" inakuwa msitu. Nimeona fulana za matanga ambazo jina la marehemu halikusomeka hata na wajukuu wake. Familia ilikuwa imelipia kila fulana.

Anayedhani maneno hayachomi bila mapambo aitazame kanga. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuitia maneno, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzoni jina la kanga, yaani maneno hayo, liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati umejaa maua, korosho au jogoo, na jina limewekwa ndani ya kisanduku chembamba, kwa herufi kubwa za kawaida, zimesimama wima bila mkia wala kivuli. Mapambo yamepewa nafasi yake na maneno yamepewa yake. Kwa herufi hizo kavu wanawake wa pwani wamejibizana, wamebembeleza na wamevunja urafiki kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sisi wa huku tuna sababu yetu ya ziada ya kuogopa makelele. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa, hadi tarehe 25 Juni 2020, ilipotangazwa kwisha, tuliishi katikati ya amri: nawa, usiguse, toa taarifa. Zilihitajika, maana watu zaidi ya 2,200 walikufa. Lakini jicho la mkaazi wa Beni au Butembo limekwisha kuamriwa vya kutosha. Ukiliwekea funzo lako kwa rangi nyekundu na alama tatu za mshangao, litalipokea kama amri nyingine na kupita. Funzo la maisha ni ushuhuda. Lina sauti ya mtu anayesimulia yaliyompata, na sauti hiyo inatengenezwa na maneno kwanza.

Baada ya maneno, unakuja mpangilio, na hapa ndipo penye hasara kubwa. Jirani mmoja alitaka ukutani kwake: Usimwamini mtu asiyekwambia ukweli. Fundi aliyemfanyia kazi akaona maneno mawili ya kwanza yanapendeza, akayakuza kwa rangi nyekundu, na mengine akayapanga chini kwa herufi ndogo. Kutoka barabarani, ukiwa juu ya pikipiki, ulisoma: USIMWAMINI MTU. Mwenye duka alikuwa amejifunza kuthamini rafiki mkweli, na ukuta wake ukawatukana wateja wake wote. Fonti ilikuwa nzuri kabisa. Wala hakuna fonti ambayo ingemwokoa.

Vivyo hivyo ukatapo mstari. "Pesa ya mkopo si" juu, na "faida" peke yake chini: msomaji anajikwaa. "Pesa ya mkopo" juu, "si faida" chini: pumzi imekaa pake, na pigo limeangukia pale ulipoumia. Soma kwa sauti, kata pale unapopumua. Hii haihitaji simu.

Wasomi wa grafiki watanitajia Stefan Sagmeister, mzaliwa wa Austria anayefanya kazi New York, aliyetoa kitabu kizima cha mambo aliyojifunza maishani mwaka 2008. Nafurahi wakimtaja. Mtu huyu alianza na orodha ya sentensi kwenye daftari lake la kila siku, na baada ya hapo ndipo akatafuta kila sentensi ivae nini. Mwaka huo huo, kwenye jumba la maonyesho la Deitch Projects, alijaza ukuta kwa ndizi 10,000. Ndizi za kijani ziliandika sentensi ya kusifu kujiamini, katikati ya ndizi za njano. Baada ya siku chache za kijani nazo zikaiva, maandishi yakapotea. Zile za pembeni zilipogeuka kahawia, maandishi yakarudi, kisha yote yakawa kahawia. Yeyote aliyewahi kujiamini anajua kwamba ndivyo hali hiyo inavyokuja na kuondoka. Ndizi ndiyo iliyosema.

Sisi tunaishi katikati ya ndizi, kahawa, mbao na makaa, halafu tunalilia kivuli cha dhahabu! Mzee mmoja aliyefanya biashara ya kahawa alikuja kwangu akitaka Lobster. Nilimwomba alete gunia lake la zamani. Tulikata herufi kwenye karatasi ngumu, kama zile za kuandikia alama za mzigo, tukapiga sentensi yake kwa wino mweusi juu ya gunia lile lile. Limetundikwa sebuleni kwake. Wageni wanalisoma, kisha wanamuuliza habari za kahawa, naye anasimulia.

Ya vitendo sasa, haraka. Maneno yasizidi saba au nane. Yakizidi, hujamaliza kufikiri. Ukitaka mwandiko, tumia wako: andika kwa kalamu nene mara kumi, chagua moja, ipige picha, fundi aikuze. Ukitaka fonti, chukua Andika ya SIL, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma na kupewa jina la Kiswahili, au Noto Sans. Zote ni bure na zina herufi za Kifaransa zenye alama, kwa hiyo "é" haitageuka kisanduku kitupu. Fonti moja inatosha. Rangi mbili, moja nzito juu ya moja nyepesi, na ukumbuke kwamba vumbi letu jekundu litakula nyeupe. Herufi za kusomwa vizuri kutoka mita 12 ziwe na urefu wa sentimita 10. Ukutani tumia rangi ya mafuta na brashi, kwani turubai la kuchapwa hupauka juani. Fulana ichapwe moja kwanza, aisome mtoto na mzee kabla hujalipia zilizobaki. Bango likikamilika, vuka barabara, ligeukie, usome kwa haraka kama mpita njia.

Wanaokuja Vulamba wiki hii, nawaomba: njooni na sentensi yenu kwenye karatasi, kwa kalamu, hata kama imekatwakatwa na kurudiwa. Simu ibaki mfukoni.